Siku ya Mikono Kanazi

Skolastika alizaliwa Kamachumu, upande wa Muleba, akaolewa Kanazi na fundi wa kuezeka nyumba aitwaye Rwegasira. Siku hizo watu wengi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye nyumba za bati, na fundi wa nyasi alikuwa akikaa muda mrefu bila kazi. Ndiyo maana Rwegasira alifurahi kama bwana harusi wazee wa Kanazi walipomwita kujenga msonge mkubwa kando ya barabara, nyumba ya duara ya nyasi kama ya mababu, ili watoto waone walikotoka. Alichagua nguzo mwenyewe msituni. Nyasi alizipanga tabaka juu ya tabaka mpaka kilele kikasimama kama titi la mama anayenyonyesha.

Ndani waliweka mikuki, vigoda, vibuyu vya maziwa, mavazi ya lubugo, ile nguo ya magome ya mti, na katikati ngoma kubwa ambayo watu wawili hawakuweza kuikumbatia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu Philbert, mzee aliyestaafu, mwembamba na mwenye adabu. Skolastika alipewa kazi ya kufagia, kutandaza majani makavu sakafuni na kutunza ufunguo. Jumapili walikuja wageni kutoka mjini Bukoba, masista na wanafunzi. Mwishoni mwa kila ziara ngoma ilipigwa kwa fimbo mpaka kuku wa jirani wakaruka. Mlangoni palikuwa na kibao: USIGUSE KITU.

Vita ikaja kutoka ng'ambo ya mpaka. Mabomu yalipoanza kusikika, Rwegasira aliondoka na mgambo. Watu walishika njia ya kusini, mikungu ya ndizi kichwani na watoto mgongoni. Skolastika hakuondoka mara moja. Yeye na majirani wawili walichimba shimo katikati ya kibanja, shamba la migomba, wakavifunga vitu vya msonge kwa majani makavu ya mgomba, wakavifukia. Ngoma ilikataa kuingia shimoni, wakailaza chini ya rundo la mabua. Ndipo alipokimbilia kwao Kamachumu.

Vita ilipokwisha, vitu vilifukuliwa vikiwa salama, na msonge ulikuwa umesimama. Rwegasira naye alirudi, lakini alishuka kwenye lori akiwa ameshika bega la mwenzake. Bomu la kutegwa ardhini, ng'ambo ya mpaka wa Mtukula, lilikuwa limeyachukua macho yake yote mawili.

Alipokelewa kwa nyimbo na lubisi, pombe ya ndizi. Nyimbo zilipokwisha, kila mtu akaenda shambani kwake, naye akabaki ameketi mlangoni akisikiliza mchana unavyopita. Jumapili moja akamwuliza mkewe, "Ile nyumba yangu bado imesimama?"

"Imesimama, waitu," akajibu kwa neno la heshima la kwao.

"Nipeleke."

Walifika wakati wageni wamejaa. Mtu mmoja wa kamati alikuwa akieleza habari za mikuki, na watu wakisema, "Aa! Tazama ile!" Rwegasira alinyoosha mkono mpaka akaipata nguzo. Mwalimu Philbert akamsogelea, akasema kwa upole, "Ndugu yangu, kushika hairuhusiwi."

"Mwalimu, nguzo hii niliikata mwenyewe."

"Najua. Lakini nikikuruhusu wewe, mwingine nitamzuiaje?"

Rwegasira akautoa mkono wake, akauweka mfukoni. Njiani kurudi alisema neno moja tu. "Nilikwenda kuiona nyumba, nikaishia kuwasikia watu wakiiona."

Skolastika alitembea akiwa amemshika kiwiko, na hasira ilimpanda hata akakosea njia ya nyumbani kwake mwenyewe.

Miaka ikapita. Halafu ukaja ugonjwa ule wa kukondesha watu. Mwanzoni wengine waliuita Juliana, wengine hawakutaka kuutaja kwa jina lolote. Ulipita nyumba kwa nyumba, ukachukua vijana, ukaacha bibi na wajukuu. Dada yake Skolastika, Celina, aliyeishi Nyanga, alimfuata mumewe kaburini kabla nyasi hazijaota juu ya kaburi la mume. Aliacha mtoto mmoja wa kike, Joviana, na Skolastika, ambaye Mungu hakumpa mtoto, akamchukua.

Joviana alikuwa na umri wa kuanza shule, lakini alikuwa hasemi ila maneno machache. Sauti zilimuumiza. Kengele ya kanisa ikilia, alijificha chini ya kitanda. Vilio vya msibani, na misiba ilikuwa kila wiki, vilimfanya ajigonge kichwa ukutani. Kubwa kuliko yote ilikuwa mvua juu ya bati. Bukoba mvua haina msimu wa kupumzika, na kila iliponyesha mtoto alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Majirani walisema amerogwa. Wengine walisema anao ugonjwa wa mama yake.

Siku moja mchana mvua iliwakuta njiani karibu na msonge. Skolastika alimbeba, akafungua mlango, akaingia naye gizani akiwa amejiandaa kwa makelele. Hayakuja. Nyasi za Rwegasira ziliimeza mvua yote. Nje miti ilikuwa ikiinama, lakini ndani palikuwa kimya. Joviana aliondoa mikono masikioni. Akatembea polepole juu ya majani makavu, akafika kwenye lubugo lililotundikwa, akalishika, akaliweka shavuni. Akafumba macho, akalala usingizi akiwa amesimama vile vile, mpaka Skolastika akamdaka.

Skolastika aliketi na mtoto mapajani, akakitazama kile kibao kilichoegeshwa ndani kwa ajili ya mvua. Mvua ilipokatika hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Philbert, matope mpaka magotini, Joviana mgongoni.

"Mwalimu, nimekuja kuomba siku moja."

"Ya nini, mama?"

"Siku ya watu wanaoona kwa mikono. Na wanaosikia kwa mikono. Na wasioweza kelele. Jumanne hakuna wageni, nyumba inalala bure. Unipe Jumanne."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Vitu vile vimepona vita, Skolastika. Wewe ndiye uliyevificha. Unataka sasa vife kwa kushikwashikwa?"

"Nilivificha ili watu wavione. Mume wangu bado hajaviona."

Mwalimu akamtazama mtoto mgongoni, akasema, "Jumanne. Lakini kikivunjika kitu, tunafunga."

Jumanne iliyofuata Rwegasira alikuwa wa kwanza mlangoni. Alianza na nguzo, akaipapasa kutoka chini kwenda juu, akapata mahali alipofunga kamba, akacheka peke yake. "Fundo langu! Bado linakaza!" Alizunguka nyumba nzima, akainua vigoda, akapima mikuki kiganjani, akanusa mdomo wa kibuyu cha maziwa. Alipotoka nje alikuwa mtu mwingine. Jioni ile alikula ndizi sahani mbili, akasimulia habari za ule msonge mpaka Skolastika akaona kana kwamba hajawahi kuufagia.

Habari zikaenea vibanjani. Akaja Datius, kijana wa Buhembe aliyepofushwa na surua utotoni. Akaja Ephrasia, fundi cherehani ambaye ni kiziwi. Yeye siku za Jumapili alikuwa akibaki nyuma, kwa kuwa maneno ya waelezaji yalimpita. Skolastika hakumweleza kwa maneno. Alimketisha kwenye kigoda, akamtikisia kibuyu mpaka siagi ikatengana, akamfunga lubugo kiunoni kama walivyofunga mabibi. Kisha akavilaza viganja vya Ephrasia juu ya ngozi ya ngoma, yeye mwenyewe akapiga kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Ephrasia alishtuka, akaweka mkono kifuani. Akaashiria: tena. Tena. Machozi yakamtoka huku anacheka.

Siku hizo fimbo ya ngoma ilifichwa. Skolastika alitundika kipande cha lubugo mlangoni, na kila mtu wa Kanazi akajua kwamba kikiwa hapo, watu wananong'ona, wanavua viatu, wanaingia wachache wachache. Joviana alikuwa na pembe yake karibu na jiko la mafiga lililo mle ndani, na hakuna aliyemwambia aondoke. Polepole alianza kuwatazama wageni. Siku moja Datius aliponyoosha mkono akikitafuta kigoda bila kukipata, mtoto aliinuka, akakisukuma mpaka kikagusa mguu wake, akarudi kwenye pembe yake. Skolastika alisema baadaye kwamba siku hiyo alitaka kupiga vigelegele akakumbuka kuwa haruhusiwi, akatoka nje akavipigia mgombani.

Kisha kikavunjika kitu.

Kilikuwa kibuyu cha zamani kuliko vyote, cheusi kwa moshi wa vizazi. Kilimponyoka Datius, kikapasuka kama yai. Kijana alipiga magoti akikusanya vipande kwa kupapasa, huku akisema, "Nimewafungia. Nimewafungia wenzangu." Hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Skolastika hakuficha. Aliviweka vipande kwenye ungo, akavipeleka mwenyewe. Mwalimu Philbert aliviangalia kwa muda. "Tulikubaliana," alisema, na sauti yake haikuwa ya furaha.

"Tulikubaliana, Mwalimu. Lakini kabla hatujafunga, twende tukamwambie mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Bibi Alistidia, mzee aliyekitoa kibuyu kile kwa msonge. Walimkuta akimenya ndizi, wajukuu wamemzunguka. Mwalimu alianza kuomba radhi kwa maneno marefu ya heshima. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua kipande kimoja, akakinusa, akacheka.

"Mwalimu, mwaka huu nimezika wana wawili. Hao ndio niliowalilia. Kibuyu? Kibuyu kinaota!" Akamtuma mjukuu jikoni, akaletewa kibuyu kingine, hakikuwa kizee sana lakini kilikuwa kimekomaa, na mbegu ndani ya kitambaa. "Hicho wape washike. Hizi wapande nyuma ya nyumba. Na huyo kijana mwambieni aje nimwone, nasikia analia bure."

Njiani kurudi Mwalimu Philbert alikibeba mwenyewe kile kibuyu cha bibi. Kesho yake asubuhi Skolastika alimkuta msongeni amevua koti, anasuka kamba. Alikuwa amefikiri usiku. Vile vitu dhaifu visivyo na ndugu vitapanda juu kwenye dari, alisema, na kwa kila kimoja watu wa Kanazi wataombwa mwenzake wa kushikwa. Kamba itatoka mlangoni, izunguke nguzo kwa nguzo mpaka jikoni, yenye fundo mbele ya kila kitu, ili asiyeona atembee peke yake bila kushikwa mkono kama mtoto. "Rwegasira atanifundisha fundo," alisema. Wakafanya kazi ile pamoja, fundi na mwalimu. Rwegasira alimfokea mzee wa watu kila alipolegeza kamba, na mzee alifurahi kufokewa.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa bado. Siku zile watu waliogopa kugusana. Walioshika maiti walinawa kwa majivu, na wengine waliacha kupeana mikono kanisani. Jumapili moja wageni waliotoka misani walifika msongeni mapema, kabla ya ngoma kupigwa, wakamwona Joviana bado amekaa kwenye pembe yake na lubugo shavuni. Mwanamke mmoja akanong'ona, na mnong'ono ukatembea. Mtoto wa Juliana. Anashika vitu hivyo hivyo. Watu wakarudi nyuma, wakavuta watoto wao. Mwanaume mmoja akasema kwa sauti, "Kila kitu humo kichomwe! Au huyo mtoto atolewe!"

Joviana aliziba masikio, akaanza kujitikisa. Skolastika alitoka, akasimama mlangoni. Hakuwa mrefu, lakini walioshuhudia wanasema aliuziba mlango wote.

"Mganga wa zahanati amekwisha kutwambia, na ninyi mlikuwepo," alisema. "Ugonjwa huu haupiti kwenye ngoma. Haupiti kwenye kibuyu wala kwenye mkono wa mtoto. Anayeogopa akae nje, nje kuna kivuli kizuri. Lakini mtoto hatoki. Na hapa ndani hatupigi kelele."

Hakuna aliyejongea. Ndipo Bibi Alistidia akapenya katikati ya watu na mkongojo wake, akavua viatu mlangoni, akaingia. Aliketi chini kando ya Joviana, bila kumgusa, kwa kuwa alikwisha kusikia kwamba mtoto hapendi kushikwa ghafla. Akaweka mkono wake juu ya majani, kiganja juu, akangoja. Baada ya kitambo Joviana akaacha kujitikisa, akaulaza mkono wake juu ya ule wa bibi.

Wa pili kuingia alikuwa Mwalimu Philbert. Wa tatu ni sista mmoja, kisha vijana wa kwaya. Mwishowe nje alibaki yule mwanaume na mkewe, na mke naye akavua viatu. Kile kibao cha mlangoni kilishushwa wiki ile ile. Mwalimu alikipaka rangi upya kwa mkono wake: KARIBU. GUSA TARATIBU.

Baada ya hapo haikuwa tena Jumanne peke yake. Wafanyabiashara wa samaki waliipeleka habari sokoni Muleba, na kutoka sokoni ikavuka maji. Asubuhi moja akafika Mayunga, Msukuma aliyehamia visiwani kuvua, ambaye macho yake yalizimwa na ugonjwa akiwa bado na nguvu za kuvuta nyavu. Aliongozwa na mkewe, Limi. Walikuja kwa mtumbwi, kisha kwa lori la dagaa, na walinuka hivyo.

"Mayu," alimwambia Skolastika, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "nimesikia mna nyumba ambayo kipofu haambiwi ngoja nje."

"Ipo, baba. Shika kamba hii."

Mayunga aliizunguka mara moja, akarudi mlangoni, akaizunguka tena. Alipofika kwenye ngoma aliitambua kwa harufu ya ngozi kabla ya kuishika. Walikaa Kanazi mpaka walipochoka kula ndizi, na waliporudi waliahidi kuleta wengine. Wakawaleta.

Ndipo waandaaji wa maonyesho ya kilimo mjini Bukoba walipomwita Skolastika. Walitaka aje na vitu vya msonge, vipambe banda la utamaduni. Yeye akaomba jambo lingine. "Nipeni asubuhi moja ya uwanja mzima," alisema. "Spika zizimwe, mashine za kukoboa zinyamaze, na watu washike mnachoonyesha."

Mkubwa wa waandaaji alicheka. "Mama, maonyesho bila spika ni msiba."

"Misiba tunayo ya kutosha, waitu. Ninayoomba ni asubuhi ya furaha isiyopiga kelele. Mchana mtawasha."

Mkubwa yule aliwatazama wenzake. Mmoja wao, bwana mifugo, alisema polepole kwamba ana kaka aliyerudi kutoka vitani ambaye spika zikiwashwa hujitupa chini, na miaka yote hajaweza kuja hapo. Hoja ikaishia hapo. Asubuhi ikatolewa.

Watu walikuja kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Walikuja kwa miguu kutoka Nyanga na Buhembe, kwa malori kutoka Muleba, wakishikana mabega msururu mrefu. Walikuja viziwi wakizungumza kwa mikono, na Ephrasia mbele yao kama kamanda. Walikuja mabibi waliokuwa na wajukuu wa aina ya Joviana, ambao hawajawahi kuwatoa nje kwa aibu, wakaonana, wakashangaa kwamba wapo wengi. Kaka wa bwana mifugo alikuja, akatembea uwanja mzima mkono mgongoni kama tajiri anayekagua mashamba yake.

Rwegasira aliongoza kundi la wasioona kwenye mabanda. Walipima mikungu ya ndizi, wakagombana ni upi mzito. Waliingiza mikono hadi viwikoni katika magunia ya kahawa. Datius alishika kichwa cha samaki mkubwa wa ziwani, akaingiza vidole kinywani, akatoa haraka, watu wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka, wakakifinya kicheko mikononi. Joviana alitembea kati ya Skolastika na Bibi Alistidia, masikio wazi. Kwenye banda la mbegu alisimama, akachota maharage, akayaachia yateleze, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka banda la pili, "Mama, yanakimbia!"

Skolastika alikuwa hajawahi kuitwa mama na mtoto yule. Akachota maharage naye, wakayaachia pamoja.

Mwishoni walifika kwenye mifugo. Palikuwa na fahali mmoja wa pembe ndefu, mpole, aliyesimama akitafuna. Bwana mifugo alimshika kamba, akawaambia wasogee mmoja mmoja. Mayunga alipofika aliweka kiganja juu ya shingo. Akashuka begani, mbavuni, akarudi mpaka nundu. Kabla ya uvuvi, kabla ya visiwa, alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa baba yake, na tangu alipopoteza macho alikuwa hajashika hata ndama.

"Limi!" alimwita mkewe. "Njoo usikie anavyopumua!"

Akalaza shavu ubavuni mwa fahali, akaanza kumsifu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, ukoo kwa ukoo, kama wanavyosifu ng'ombe kwao. Watu walisogea, wakakaa kimya kumzunguka, hata wasioelewa neno moja. Fahali akageuza kichwa, akamlamba bega. Mayunga akainuka na kofia imepinda, akamgeukia bwana mifugo.

"Huyu hauzwi?"

"Hauzwi, mzee."

"Basi kesho spika zisiwashwe," alisema Mayunga. "Sijamaliza kumtazama."

Kesho yake asubuhi spika hazikuwashwa.